Udi wa Bi Halina

Niliamini, wallahi, kwamba makuba ya dhahabu ya makanisa ya Kyiv yanazigeuza roketi na kuzirudisha zilikotoka. Nilihadithiwa na muuza magari mmoja wa Wattaya, mtu asiyewahi kufika hata Salala, nami nikalitangaza Maskati nzima. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni huku nikipakia makontena Rusayl, na cheti changu kina fremu kubwa kuliko mlango. Nani angenibishia?

Basi vita viliponukia nilikwenda bila hofu kumchukua mdogo wangu Zuwena, aliyekuwa akisomea udaktari kule. Alipanga chumba kwa Bi Halina, ghorofani, katikati ya mji. Ukifungua dirisha, makuba yale yanakupofua. Bi Halina akanipakulia supu nyekundu ya kuogeshea ngamia. Mumewe alikuwa kalala chumba cha ndani, miguu haina nguvu. Nje watu wakitembeza mbwa.

Nami nikatoa udi na chetezo nilichokuja nacho, nikamweleza Bi Halina kwa mbwembwe, Zuwena akifasiri: kwetu, udi ukishapitishwa, mgeni haketi tena. Anaaga.

Asubuhi yake vioo vilitetemeka.

"Yatazigeuza hayo," nikasema.

Hayakuzigeuza. Moshi ulipanda nyuma ya kanisa.

Lifti ikazima.

Basi la wanafunzi wanaokimbilia mpakani lilikuwa chini, likipiga honi. Nikasimama mlangoni. "Mimi siondoki bila ya Bi Halina na mzee."

Zuwena akafasiri, Bi Halina akaniangalia. Akawasha udi. Akakishika chetezo kwa mikono miwili, akanifukiza mimi, kisha Zuwena, akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anasema makuba yatawalinda yeye na mzee. Twende, kaka."

Mwenyeji kasema; moyo ukanitulia. Nikashuka ngazi.

Jengo lile lilipigwa. Habari ilitufikia tuko Maskati. Hakutoka mtu pale ghorofani.

Miaka hii yote nikisimulia kila penye kahawa kwamba masikini, Bi Halina aliponzwa na makuba. Ijumaa iliyopita nilisimulia tena, nyumbani kwa Zuwena, Al Khuwair, wali umeshapakuliwa. Akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Kaka, basi. Bi Halina hakuyataja makuba. Alisema, 'Mume wangu hawezi kushuka, nami simwachi. Mrudishe binti huyu kwa mama yake.' Makuba niliyasema mimi. Nisingeyasema, ungembeba mzee mgongoni, na basi lingetuacha sote."