Chuma cha Sajini Okidi

Pale Mbuya, nyuma ya kambi ya jeshi, kila mtu alijua kwamba Sajini mstaafu Okidi ana chuma kwenye paja. Waliohamia wiki hii walijulishwa wiki hii hii. Kilikuwa kipande cha bomu, kiliingia kaskazini siku lori la jeshi lilipokanyaga kitu barabarani, na tangu siku hiyo hakikutoka, wala Okidi hakuruhusu kisahaulike.

Chuma hicho kilikuwa na kazi nyingi. Kilimzuia Okidi kubeba maji, maana Mbuya ni kilima na bomba liko chini. Kilimzuia kupiga magoti kanisani. Yeye alisali ameketi, mguu kaunyoosha kwenye njia ya katikati, na padri alikuwa ameshazoea kuuzunguka. Kilimpa kiti chenye mgongo katika kila msiba. Zaidi ya yote, kilitabiri mvua. Okidi angekaa mlangoni, apapase paja, atazame mbingu isiyo na hata uzi wa wingu, kisha aseme, "Mama Moreen, mvua inakuja." Na mkewe Lanyero, aliyekuwa ndani akikunja nguo alizokwisha kuzianua, angejibu, "Nimesikia, Baba Moreen."

Mtu mmoja tu hakukiamini chuma hicho, naye ni Dawudi. Dawudi ni Mnubi, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi, na ni rafiki wa Okidi tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Kila asubuhi walikutana kwenye kibanda cha chai, na kila asubuhi Dawudi alikuwa na la kusema.

"Chuma gani hiyo inauma siku ya maji na inapona siku ya nyama? Ingekuwa kweli, vijana wa vyuma chakavu wa Katwe wangekwisha kukupima kwa kilo."

Basi Moreen, binti yao aliye muuguzi Johannesburg, akajifungua mtoto wa kiume, akawatumia wazazi wake tiketi za ndege waende kumwona mjukuu. Lanyero alilia kwa furaha. Okidi naye alifurahi, ila fikira zake ziliruka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Entebbe, kwenye ule mlango wa mashine alioambiwa kwamba ukipita na chuma unapiga kelele.

"Sasa tutajua," Dawudi alisema kibandani, akikoroga chai. "Mashine haina urafiki na mtu."

"Italia," alisema Okidi. "Italia mpaka wasikie Kisumu."

"Isipolia?"

Okidi akaona macho yote yamemgeukia, akajibu kama mtu aliye mbele ya gwaride. "Isipolia, nitachota maji ya nyumba yangu mwenyewe mpaka siku nitakayozikwa."

"Na ikilia nitakuchotea mimi," alisema Dawudi. "Mpaka siku nitakayozikwa mimi. Mmesikia wote?"

Wote walisikia. Lanyero pia alisikia. Alikuwa anapita na jerikeni kichwani, akasimama kidogo kupumua, akaendelea kupanda.

Siku ya safari Dawudi mwenyewe ndiye aliyewapeleka, kwa gari lake. Alisema ni kwa ajili ya urafiki, lakini Okidi alijua amekuja kushuhudia.

"Leo mke wangu Fatuma ameanika kanzu zangu zote," Dawudi alisema akipakia masanduku. "Paja linasemaje, Sajini?"

Okidi alilipapasa. "Jua. Leo na kesho."

Lanyero akatazama juu, akarudi kwenye kamba ya nguo, akaanua taulo lililobaki na kulitia ndani kabla ya kufunga mlango.

Okidi alikuwa amejiandaa kwa uangalifu mkubwa. Hakuvaa saa. Nishani zake aliziacha kabatini, hakutaka chuma kingine kije kugawana heshima na kile cha paja. Hata kalamu ya mfukoni aliiacha.

Kabla ya kufika uwanjani kuna kizuizi ambapo watu wote hushuka garini. Gari hukaguliwa upande mmoja, na watu hupita kwa miguu upande wa pili, katika mlango wa mashine ya kwanza. Okidi alishuka, akachechemea zaidi kuliko alivyochechemea siku yoyote, akaingia.

Mashine ikalia.

Okidi alisimama palepale katikati ya mlango, akainua mikono yote miwili. "Umesikia, Dawudi?"

"Mkanda, mzee," alisema askari kijana. "Vua mkanda."

Mkanda. Ule wa jeshi, wenye bizimu ya shaba. Alikuwa ameuvaa miaka mingi kiasi kwamba aliusahau kama mtu anavyosahau ngozi yake. Akauvua, akashika suruali kwa mkono, akapita tena.

Kimya.

"Umepita, mzee."

"Najua nimepita. Kwa nini nimepita?"

Kijana hakuelewa swali.

"Hii mashine inafanya kazi?" Okidi aliuliza. Kijana akapitisha funguo zake mlangoni, mashine ikapiga kelele vizuri sana. Nyuma ya Okidi ikalia tena: ni Lanyero anapita. Askari akaona bangili zake, akampungia mkono apite. Okidi akasikitika moyoni. Mashine gani inayolilia bangili za mwanamke na kulinyamazia bomu?

Dawudi hakucheka. Kama angecheka ingekuwa afadhali. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayempa rafiki pole, "Nitakununulia jerikeni ya njano. Inaonekana hata gizani."

"Hii ni ya barabarani," alisema Okidi. "Ni ya kutisha ng'ombe. Mashine yenyewe iko ndani."

"Haya. Ya ndani. Mimi siruhusiwi kuingia, lakini nitapiga simu. Na wewe ni Mkristo, utaniambia kweli."

Ndani foleni ilikuwa ndefu na haikuwa na haraka. Mbele yao walikuwepo wasichana wengi waliovaa fulana za rangi moja, wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi, na nyuma yao mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo, ambaye kila baada ya hatua mbili alilisukuma sanduku lake kwa goti. Okidi aliona ni vyema kuwaonya.

"Msinikaribie sana. Nitawachelewesha. Nina chuma cha vita."

Wasichana walimtazama kwa heshima. Mmoja akauliza kama kinauma, na Okidi akaanza tangu lori lilipowashwa. Alipofika mahali lori linapopinduka, mfanyabiashara alikuwa amekwisha kuhamia foleni nyingine.

Zamu yao ikafika. Okidi aliweka vitu vyake vyote kwenye beseni: mkanda, viatu, miwani, rozari, sarafu moja iliyojificha kwenye pindo la koti. Mlangoni alisimama ofisa wa kike, kijina chake kifuani kimeandikwa Lailah. Okidi akakaza mwili, mkono mmoja kwenye suruali, mwingine kwenye paji la uso.

"Afande, natoa taarifa. Kipande cha bomu. Paja la kulia."

"Asante kwa taarifa, mzee. Pita tuone."

Akapita. Kimya. Akarudi, akapita polepole. Kimya. Akarudi tena, akaingia ubavu, paja la kulia likitangulia kama mgeni wa heshima. Mashine ilinyamaza kama iliyokata kauli.

"Mzee, wewe uko sawa. Chukua vitu vyako."

"Siko sawa. Nipime na kile kifimbo."

Lailah akamwita mwenzake wa kiume, naye akakipitisha kifimbo cha kupimia juu ya paja, chini ya paja, mbele na nyuma. Hakuna kitu.

"Labda ni la kushoto," sauti ilisema kwenye foleni. Watu wakacheka, hata wale wasichana.

"Labda kimekufa," Okidi alisema polepole.

"Chuma hakifi, mzee," alisema yule wa kifimbo. "Labda kilitoka zamani."

"Kitoke kiende wapi?"

Okidi alisimama na soksi zake kwenye sakafu baridi, akiwa ameshika suruali. Alikumbuka daktari wa kikosi akimfunga bandeji kwa mwanga wa tochi, akisema kipande kimebaki humo, tukikichokonoa mguu utaondoka nacho. Damu aliiona kwa macho yake. Maumivu hakuyaazima kwa mtu. Na sasa alijiona akishuka kilima cha Mbuya alfajiri na jerikeni ya njano, na kibanda kizima cha chai kimetoka nje kumwangalia.

Hapo mashine ikalia.

Alikuwa Lanyero.

"Vua bangili, mama," alisema Lailah. Lanyero akavua, akapita. Ikalia. Akatoa pini za kitambaa cha kichwa. Ikalia. Lailah akachukua kifimbo, akakipitisha kiunoni, kimya; kifuani, kimya; alipofika nyuma ya bega la kushoto kikapiga yowe.

"Mama, una nini hapa?"

"Sina kitu, mwanangu."

Wakaingia nyuma ya pazia. Okidi alibaki upande wa pili akizisikia sauti.

"Hili kovu ni la nini?"

"La siku ya lori."

"Kuna kitu kigumu ndani. Nakigusa kwa kidole. Hukufanyiwa operesheni?"

"Hapana. Lori lilipopinduka, yule pale alitupwa mbele, mimi na gunia langu la mtama tukatupwa nyuma. Tulikuwa tumeoana mwezi huo. Daktari alikuwa na bandeji za askari tu. Mimi nilitia chumvi kwenye kidonda."

"Kinauma?"

"Mvua ikikaribia."

Okidi alisikia neno hilo, na mbele ya macho yake zikapita nguo. Nguo za miaka yote, zilizokunjwa vizuri kitandani kila alipoingia kutangaza mvua, na kamba tupu uani. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza mkewe alijuaje kuzianua mapema hivyo.

Walipotoka alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anashuka kutoka lile lori. "Mama Moreen. Hukuniambia."

"Ulikuwa unaumwa, Baba Moreen," alisema Lanyero, akifunga kitambaa kichwani. "Nyumba ile isingeweza kubeba vyuma viwili."

Mkubwa wa zamu alikuja, mtu mzima mwenye mvi. Aliusikia mkasa wote kwa Lailah, kisha akamgeukia Okidi. "Wewe ni mumewe? Unayajua haya?"

Okidi akaiacha suruali ijitegemee, akapiga saluti. "Afande, nathibitisha. Kipande cha bomu. Bega la kushoto." Sauti yake ilikuwa na fahari ileile, haikupungua hata chembe, ilikuwa imehama mahali tu. Suruali nayo ilianza kuhama. Mkubwa akaitazama ikishuka, akasema upesi, "Pita, mama. Pita na mzee wako, tafadhali."

Walipokwisha kuvaa, Okidi alichukua begi lake, akachukua na la mkewe, akatembea mbele. Lanyero alitambua jambo moja: mguu ulikuwa umesahau kuchechemea.

Simu ikalia kabla hawajaketi. Ni Dawudi. Okidi aliitazama kama mtu anayetazama nyoka kwenye kiatu. Lanyero akanyoosha mkono, akaichukua.

"Shemeji," alisema Dawudi, kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma, "hiyo mashine ya ndani imelia?"

"Imelia, Dawudi. Imelia mpaka mkubwa wao akaja."

"Wallahi?"

"Mimi ni Mkatoliki, shemeji, lakini imelia. Muulize mtu yeyote hapa. Kipande cha bomu, wamekigusa kwa kidole. Tukirudi utaanza. Jerikeni ziko nyuma ya jiko. Ile yenye mfuniko mwekundu inavuja, uishike vizuri."

Akakata, akamrudishia mumewe simu.

"Hukumwambia ni nani," alisema Okidi.

"Hakuuliza ni nani."

Okidi akatafakari. Heshima yake ilikuwa salama kibandani, na hapakuwa na neno moja la uongo lililosemwa. Akaanza kutabasamu.

"Dawudi atachota asubuhi," alisema Lanyero. "Wewe jioni."

Tabasamu likabaki lilipokuwa, halijui liende mbele au lirudi. "Jioni?"

"Mashine imekupima, Baba Moreen. Wamesema uko sawa."

Ndani ya ndege Okidi aliyapandisha mabegi yote mawili juu, akamwachia mkewe kiti cha dirishani, akafunga mkanda, akauliza kama huu nao huvuliwa. Wakaambiwa wazime simu, wakazima. Nje jua liliwaka juu ya ziwa, mbingu safi kama sahani iliyooshwa. Kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye paja, mdomo ukafunguka. Kisha akautoa mkono.

"Mama Moreen," alisema kwa sauti ya chini. "Mvua?"

Lanyero akalichezesha bega la kushoto, akasikiliza kidogo.

"Mbuya? Kabla ya saa nane mchana."

"Na kanzu za Dawudi zimeanikwa zote."

"Zote."

"Tungempigia."

"Simu tumeshazima," alisema Lanyero, akageukia dirisha kuitazama Entebbe ikianza kurudi nyuma.