Lori la Makaa la Hemedi

Lori lilisimama chini ya mlima ambao Mwanamisi alizoea kuupita tu, hajawahi kuukanyaga. Alishuka. Pande zote vichaka vikavu na mawe mekundu, na barabara ya Kibwezi ikipanda mbele yake kama isiyo na mwisho. Nyuma ya kichwa cha lori, mumewe Hemedi alikuwa amefungua tangi la chuma, akichokoa moto.

"Kidogo tu, Mama Tima. Makaa yakishika, tunapaa."

Mwanamisi aliinua macho kulitazama jua. Simu ilikuwa imefika Kitui asubuhi ile: mama yake amefariki Kibwezi, atazikwa baada ya sala ya alasiri. Wanawake wa kwao hawaendi makaburini. Binti humuona mama yake nyumbani, kabla sanda haijafungwa usoni, au hamuoni tena. Na jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Hemedi alizaliwa Kitui, mtoto wa mfanyabiashara wa pwani aliyeoa huko akabaki. Alianza na punda, akipeleka chumvi na nguo hadi Mwingi, mpaka akapata lori. Watu walimpenda. Hakumwacha mgonjwa njiani, na utani wake wa Kikamba uliwafanya wazee washike mbavu. Kisha vita vya Wazungu vikaja, petroli ikawa ya wenye kibali, kuku wakatagia ndani ya lori. Mwanamisi alimwona mumewe akichakaa huku amekaa kitini.

Ndipo akaja wakala kutoka Nairobi na matangi yake ya kuchomea makaa. Alisimama sokoni akatangaza kwamba gesi ya makaa itaendesha injini vizuri kuliko petroli, na lori lililojaa litapanda mlima wowote bila kupumzika. Watu walifurahi mno. Makaa! Kitu chao wenyewe, kilichowachafua mikono miaka yote, leo kinasifiwa na mtu wa Nairobi aliyevaa tai. Nani angekataa sifa hiyo?

Ndeti, mchoma makaa, peke yake alikunja uso. Lori la maonyesho lilikuwa tupu, na wakala aliliendesha kutoka sokoni kuteremka mtoni.

"Bwana, huko ni kuteremka," Ndeti alisema. "Hata pipa lingefika. Pakia mahindi upande nayo kwa boma la serikali kule juu, tuone."

"Mzee, hii ni sayansi."

"Kwani sayansi haipandi?"

Soko lilicheka, lakini lilimcheka Ndeti. Hemedi alicheka kuliko wote, akafungiwa tangi lake. Tangu siku hiyo akawa mdomo wa wakala. Kilima kikimshinda, alilaumu upepo. Injini ikikohoa, alilaumu vumbi la waliomtangulia. Abiria walizoea kushuka na kusukuma, naye akiwaambia hawajaona kitu.

Asubuhi ya msiba, Bulle, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye kibali cha petroli, alisimamisha lori lake mlangoni pao akielekea Kibwezi.

"Pole, dada. Pandeni nyote wawili. Mtawahi."

Mwanamisi alikuwa ameshashika mlango.

"Mke wangu aende kumzika mama yake kwa gari la watu, na langu lipo?" Hemedi alisema kwa sauti, majirani wakisikia. "Tangulia, Bulle. Tutakupita njiani, utakula vumbi letu!"

Mwanamisi angeweza kupanda. Alimtazama mumewe, akaona mdomo unacheka na macho yanaomba. Akaachilia mlango.

Sasa lori lilipanda hadi katikati ya mlima likazimika. Hemedi akatoa majivu, akatia makaa. Mwanamisi alibeba mawe akayaweka nyuma ya magurudumu lisirudi chini, kisha akasukuma, leso yake ikijaa masizi. Likaenda, likasimama tena. Vivuli vya vichaka vilikuwa virefu lilipofika kileleni.

Kibwezi waliwakuta wanaume wakitoka makaburini, wakikung'uta udongo mikononi. Rashid, kaka yake, alimjia.

"Tulikungoja, dada. Bulle alisema mko nyuma. Tukangoja mpaka shehe akasema haiwezekani tena."

Ndani, godoro la mama yake lilikuwa limeshakunjwa. Mwanamisi alikaa juu ya kamba tupu za kitanda. Kutoka barazani akasikia mtu akiuliza habari za lori, na sauti ya mumewe ikijibu.

"Ni zuri, wallahi! Linavuta kuliko petroli. Leo tu makaa yalikuwa na unyevu."

Makaa yale aliyapakia Mwanamisi mwenyewe. Yalikuwa makavu, yakilia kama vigae. Hapo ndipo alipolia, na waliomshika mabega walidhani ni mama tu anayemlilia.

Matanga yalipokwisha, Hemedi aliwasha moto wa tangi.

"Twende, Mama Tima."

"Nenda wewe."

Tima, binti yao, alikuwa ameolewa Mwingi. Nyumba ya Kitui haikuwa na mtu mwingine.

"Nije kukuchukua lini?"

"Ungesema limekushinda, Baba Tima. Pale barazani, mbele ya kaka yangu. Ungesema hivyo tu, leo ningepanda."

Hemedi alifungua mdomo. Nyuma yake wanaume walikuwa wamejikusanya kulitazama lori likiwashwa. Akawatazama, akafunga mdomo, akapanda. Walilisukuma mpaka likakohoa likashika, likaondoka polepole likitoa moshi mwingi. Mwanamisi hakungoja liishie machoni. Aliingia ndani kuosha vikombe vya watu wa matanga.