Punje ya Mwende

Kila ninaposhika chuma chenye kutu, viganja vyangu hubaki na harufu ya mizani iliyotundikwa darasani kwetu kule mtaa wa Kianda, na kabla sijapata maji ya kunawa huwa nimeshamwona Mwende akining'inia. Msishtuke. Ananing'inia kwa mikono miwili, miguu ameikunja, na anacheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la saba katika shule ya mabati iliyobanwa katikati ya nyumba za kupanga. Mwalimu Wafula alikuwa kijana asiye na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alitufundisha hesabu kwa chochote alichokiona njiani. Asubuhi hiyo aliazima mizani kwa jirani aliyenunua vyuma kuukuu, ile ya kutundika yenye ndoano, akaifunga kwenye boriti. Tulishika ndoano mmoja mmoja, yeye akasoma kilo kwa sauti. Urefu alikuwa ametupima ukutani.

Kisha alibandika karatasi za mifuko ya simenti kutoka dirishani hadi karibu na sakafu. Chini akachora mstari wa urefu, kando mstari wa uzito, akampa kila mtoto punje ya mahindi. Ulitembea kulia mpaka kwenye urefu wako, ukapanda juu mpaka kwenye kilo zako, ukabandika punje hapo kwa uji mzito. Tulipomaliza, punje zetu zilikuwa zimepanda kutoka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia, zimesongamana kama watu wanaopandisha kilima baada ya ibada.

"Mnaona?" akasema Mwalimu. "Punje zikipanda pamoja hivi, urefu na uzito vinajuana. Lakini msiniambie kimoja kimezaa kingine. Vinajuana tu."

Punje moja haikupanda. Mwende alikuwa msichana mrefu kuliko sisi wote, kwa hiyo punje yake ilikwenda kulia kabisa. Lakini kilo zake zilikuwa za mtoto wa darasa la tatu, ikabaki chini peke yake, karibu na sakafu. Na siku hiyo alikuwa amevaa sweta mbili.

"Ticha, huyo ni mtoro!" Odhiambo akapiga kelele kutoka nyuma. "Wenzake wanapanda, yeye amehepa!"

Darasa likaangua kicheko. Mwende hakuwa mtu wa kuonewa. "Afadhali mtoro," akamjibu, "kuliko kujazana huko kama omena kwa sufuria." Tukacheka zaidi, naye akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akainama kusubiri kiishe.

Mwalimu alimpima tena. "Mizani hii imezoea vyuma," alisema, kama anayeiombea msamaha. Ikasoma vile vile. Basi akachukua uzi wa kufumia, akaunyoosha katikati ya punje zetu na kuufunga kwa misumari miwili. Mstari huo, alisema, ungetuambia uzito wa mtu yeyote tukijua urefu wake. Ulipita mbali sana juu ya punje ya Mwende.

Jumatatu tulikuta panya wamepita. Walikuwa wameanzia pale palipo karibu na sakafu, na mahali pa Mwende palibaki doa jeupe la uji. Mwende mwenyewe hakuja. Siku zilizofuata hakuja pia, na Mwalimu alipoliita jina lake, wengine walijibu kwa pamoja, "Mtoro!" Baadaye mzaha ukatutoka. Tukaanza kunong'ona kwamba panya walikula punje, na kwa kuila wakamla na yeye. Hakuna aliyetaka kukaa upande ule wa ukuta.

Mwalimu alitusikia. "Panya na Mwende kukosekana ni mambo yaliyofuatana," alisema. "Hakuna lililozaa lingine." Lakini hata yeye sikumwona akiligusa lile doa.

Mwende alikuwa akiishi na shangazi yake karibu na kwetu, tangu mama yake, aliyekuwa akifulia watu nguo kwenye fleti za Nyayo Highrise, achukuliwe na kile watu wazima walichokiita kifua. Sasa shangazi alikuwa amehamia mtaa uitwao Kongo, huko Kawangware. Jumapili moja mama alinichukua tukamtafuta. Tulimkuta shangazi ameketi mlangoni, kitambaa kichwani, sufuria mbele yake haina kitu. Sweta zote mbili za Mwende zilikuwa kwenye kamba.

"Amepumzika, mama Nekesa," alimwambia mama. "Tulimpeleka Kitui."

Nilifurahi sana. Njia nzima ya kurudi mama alinishika mkono kwa nguvu, nami nikadhani amechoka.

Kesho yake niliwahi shuleni na punje mpya, nikaibandika juu ya lile doa. Mwalimu akauliza ni nani aliyefanya hivyo.

"Ni mimi, Mwalimu. Mwende amepumzika Kitui. Akimaliza kupumzika atarudi."

Nilingoja Odhiambo acheke. Alikuwa ameinamia dawati. Mwalimu akaufungua ule uzi, akauzungusha kidoleni na kuutia mfukoni. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimeharibu mchoro wake.

Maana ya lile neno la shangazi niliipata miaka mingi baadaye, katika mazishi ya mtu mwingine, na nililia kilio ambacho waombolezaji hawakukielewa.

Sasa kazi yangu ni takwimu za afya ya watoto. Nukta zangu hupanda kwenye kompyuta kama punje zetu, na mara kwa mara moja hubaki chini, kulia, peke yake. Wenzangu husema niifute, inavuta mstari vibaya. Mimi huuliza kwanza ni mtoto wa nani. Zile punje zilizosongamana zilituambia tulichokuwa tunakijua tayari, kwamba watoto hukua. Habari ilikuwa kwa mtoro.

Halafu viganja vyangu hunuka kutu. Mwende ananing'inia, anacheka, sisi tunacheka. Na ile mizani, iliyozoea vyuma, inazisema kilo zake mara mbili, zile zile, kwa sauti ya kusikika darasa zima.