Pikipiki Ndefu ya Venansi

Kama umekaa hapo ili ucheke, cheka sasa hivi tumalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, na akili zangu zote, sijanywa, siumwi, na jua lilikuwa halijazama. Watu wa Langali, kule Mgeta milimani, wanayajua vilevile, ila ukiwauliza watakugeuzia maneno, watakuambia habari za bei ya njegere.

Wakati ule ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshaingia kila mahali. Kila aliyepata visenti alinunua kitu cha kuonekana nacho, redio kubwa kama sanduku la bibi harusi, miwani ya jua ya kuvaa ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa bibi shamba wa serikali hadi walipotupunguza kazini, na mume wangu alikuwa ameshafariki. Nikaingia kwenye biashara ya mboga. Nilinunua kabichi na njegere kwa wakulima wa Mgeta, nikapakia kwenye malori ya Dar. Ukiwahi shambani unapata mzigo. Ukichelewa unakuta wenzako wameshazoa, na siku hiyo nyumbani mnakula ugali na maneno. Kwa miguu, kwenye miteremko ile, mimi nilikuwa mtu wa kuchelewa. Nikaamua kununua pikipiki, zile za njia mbovu, zenye tairi za meno na shokapu ndefu.

Sasa nielewe vizuri. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, sijawahi kuendesha kitu chenye injini, na kimo changu ni kile cha mtu ambaye kanisani akikaa nyuma anamsikia padri tu, hamwoni. Mtu wa namna hiyo anunue pikipiki gani? Jibu hata mbuzi analo. Lakini kwetu mjane hanunui kitu kikubwa bila mwanamume wa ukoo kutia neno, na mwanamume mwenyewe alikuwa shemeji yangu Pius, mdogo wake marehemu.

Huyu Pius alivaa koti la ngozi la mtumba katika joto la Morogoro mjini, jasho linamchuruzika kama mtungi, ili watu wadhani ana pikipiki. Hakuwa nayo. Aliwahi kuendesha ya mtu mara moja, kwenye msiba huko Kilosa, na tangu hapo hakuna aliyepumua. Ukitaja mvua, yeye anakuambia jinsi ya kupita kwenye tope. Ukitaja ndoa, yeye anakuambia habari za klachi.

Kulikuwa na pikipiki ndogo inauzwa misheni, sista mmoja alikuwa anahamishwa. Nyepesi, siti yake ya chini. Nikiikalia, nyayo zangu zote mbili zinalala ardhini. Kiki yake naipiga bila kuomba dua, na nikiilaza nainyanyua mwenyewe. Pius aliitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye mchuzi. Akasema hiyo ni ya kupelekea mayai, kwamba mlima unataka kifua, kwamba nikipita nayo sokoni Nyandira watu watacheka ukoo mzima. Akanipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa Mafiga, palepale mjini, aliyekuwa na pikipiki nyekundu uani, ndefu, injini ya mia mbili na hamsini, tangi linang'aa kama chungwa lililopakwa mafuta, taa ya mbele tu ina ufa mwembamba. Na ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile ya sista. Wewe hapo usingejiuliza? Mimi nilijiuliza. Pius akasema ndiyo bahati yenyewe hiyo, na bahati haihojiwi.

Mwenye mali akaturuhusu tuijaribu hadi Mgeta, kwa kuwa Pius alimwachia redio yake rehani. Tukaondoka asubuhi, yeye mbele na koti lake, mimi nyuma nimeng'ang'ania. Tulipoanza kupanda baada ya kuiacha barabara kuu, alizimikiwa kwenye kila kona, na kila mara kosa lilikuwa la petroli. Tukafika Langali mchana umekwenda sana. Hapo akasema niichukue sasa niende hadi pale malori yanapopishania nigeuke, kipande chenyewe hakina mlima mkali. Yeye akakaa kwenye kibanda cha pombe ya miwa kuwasimulia watu alivyopanda.

Nikaipanda kwa kukanyaga jiwe. Ndiyo, jiwe. Mtu mzima anapanda pikipiki kama anapanda punda wa watu. Kwenye siti nilikuwa nachuchumia, ncha za vidole zinagusa upande mmoja tu, na nikigusa kulia, kushoto kunaning'inia. Lakini iliondoka vizuri, ikaenda, nami nikaanza kufikiri pengine Pius kwa mara ya kwanza maishani amesema la maana. Hapo ndipo ukungu uliposhuka.

Ukungu wa Uluguru hauji polepole. Unakuta umeshafika. Nilipofika pale pa kupishania nilikuwa naona gurudumu la mbele na zaidi ya hapo maziwa matupu. Nikaogopa kugeuza. Nikaiegemeza kwenye kingo ya mlima, nikazima, nikabaki nimekaa juu yake nikiwa nimeshika mizizi kwa mkono mmoja. Upande wa pili ni korongo.

Nikasikia pikipiki inashuka kutoka juu. Na niamini, mtu aliyekaa juu ya injini nusu siku anaijua sauti yake. Ilikuwa sauti ya hiyo niliyoikalia, na hiyo niliyoikalia ilikuwa imezimwa.

Ikatokea kwenye ukungu. Nyekundu, tangi lilelile, na taa ya mbele ina ufa uleule kama wa kucha. Juu yake mwanamume mfupi, mfupi kuliko hata mimi, amevaa suti ya mtumba ya rangi ya maziwa na tai. Nyuma amefunga tenga la kabichi, na kabichi zenyewe nyeusi, zimeoza hadi zinachuruzika, lakini harufu hakuna. Hakusimama. Alikuwa anaendesha gia ya kwanza, polepole, akizunguka mbele yangu pale pa kupishania, na miguu yake yote miwili ilikuwa imetolewa nje inatafuta chini. Inatafuta hivi, kama ya mtu anayeshuka kitandani gizani. Chini ilikuwepo. Niliiona, matope na kokoto. Miguu ilikuwa inafika pale ardhi ilipo na kuendelea kutafuta.

"Dada," akasema, kwa adabu kabisa, "samahani. Nishike kidogo nisimame. Miguu haifiki."

Nywele zilinisimama, sikudanganyi. Lakini unajua mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikamwuliza nani alimtuma kununua kitu kisicho kimo chake. Akazunguka, akarudi mbele yangu, akasema watu walimwambia ndogo ni ya walimu na masista, mnunuzi mkubwa apande kubwa aonekane.

"Basi iangushe," nikamwambia. "Ilaze upande wa mlima, utachubuka utapona."

"Nikianguka watacheka."

"Watacheka nani? Uko peke yako."

Akazunguka tena, akanyoosha mkono kila alipopita, kila mzunguko karibu zaidi, hadi kidole chake kikanigusa mkono wa shati. Nilisikia baridi kama ya kabichi iliyolala nje. Na nikwambie kitu, kidogo nimshike. Sauti yake haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mume anayeomba maji akiwa amechoka. Mkono wangu ulishaachia mizizi. Kilichoniokoa ni kwamba nilimtazama usoni na kumwona hanitazami mimi. Anatazama nyuma yangu, kule Langali, kama kuna mtu anakuja kumwona.

Nikadharau. Nikasema moyoni, mtu mzima umekufa na bado unaona haya ya kuanguka? Nikaruka kutoka kwenye siti, nikaiacha pikipiki ijiangukie kwa kishindo, nikaondoka kwa miguu huku nimegusa kingo ya mlima nisipotee. Alinifuata nyuma kwa mwendo uleule wa gia ya kwanza. Alikuwa anasema nishike dada, nishike, bila kupandisha sauti, hadi nilipoona moshi wa jiko na nyumba ya kwanza.

Mwanamke alikuwa mlangoni, mwembamba, rika langu, amejifunga kaniki nyeusi. Sikuwahi kumwona. Watu walimwita Mama Koleta. Hakuniuliza nimetoka wapi wala tope hili ni la nini.

"Amekuomba umshike?" akasema.

Nikaitikia.

"Ukamshika?"

"Sikumshika."

"Afadhali. Mimi nilimshika."

Akaniingiza ndani, akafunga mlango. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka motoni. Akakishika kwa mkono wa kulia, mtupu, bila kitambaa, akakitua chini taratibu kama anayetua kikombe. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama ya mfuaji nguo. Akasema mkono ule hausikii moto wala baridi wala mtoto anayeushika.

Yule alikuwa mumewe, Venansi, mnunuzi wa kabichi. Alinunua ile pikipiki biashara ilipoanza kumkubali, na hakuitumia hata mwezi. Alisimama pale pa kupishania kuwapisha mbuzi, akatoa mguu, mguu ukakuta hewa, pikipiki ikanasa ukingoni, na yeye na tenga lake wakaingia korongoni. Wachunga mbuzi walisema angeweza kuilaza upande wa mlima, nafasi ilikuwepo. Tangu hapo kukiwa na ukungu anazunguka nyumba. Usiku mmoja mke alitoka, kwa kuwa ni mumewe, akamshikia usukani. Akawa anavutwa kuelekea korongoni hadi mama mkwe alipotoka na mwenge. Ndipo walipoiuza kule mjini, kwa bei ya kutupa. Nilimwuliza kwa nini hawakumwambia mnunuzi.

"Nilidhani ataifuata huko mjini, atuache," akasema.

Nilimwona mwovu, na nikala maharage yake, kwa kuwa baridi ya ukungu ilikuwa imeniingia.

Ukungu ulipoinuka nilishuka kibandani nikamwambia Pius yote. Alicheka hadi watu wa kibandani wakacheka naye, akasema mwanamke akiangusha pikipiki ya watu lazima apate jini wa kumsingizia. Akaenda kuileta mwenyewe. Alisema aliikuta imelala pale nilipoiacha, ila injini ilikuwa inaunguruma. Mimi nilirudi mjini juu ya magunia ya lori. Kesho yake nikaenda misheni nikamlipa sista, na Pius, ili anionyeshe, akauza koti na ng'ombe wa mama yake akainunua ile nyekundu.

Tulikaa hivyo. Walinicheka kweli, sikatai. Nyandira waliniita Sista. Lakini nilianguka, nikainuka, nikajifunza, na nilikuwa nafika kwenye njegere kabla ya lori kupashwa moto. Pius alikuwa anapita mjini bila kusimama, ananipungia mkono. Niligundua kwamba huyu mtu simwoni tena akisimama popote. Nikadhani ni maringo tu.

Jioni moja ya mvua nyepesi, watoto wa jirani wanacheza barazani, akaingia uani kwangu akaanza kuzunguka mti wa mpapai. Gia ya kwanza. Pius ni mrefu, usisahau; siku aliyoinunua nyayo zake zilikuwa zinalala chini vizuri. Sasa miguu yake ilikuwa nje, inatafuta, na ardhi iko pale, na haifiki.

"Shemeji," akasema, polepole watoto wasisikie. "Nishike."

Nikamwambia aanguke. Nikamwonyesha na mahali, kuna lundo la maganda ya njegere, laini kuliko godoro lake. Akatazama watoto barazani, akatazama jirani dirishani, akasema hawezi kuanguka mbele ya watu. Alikuwa analia, wallahi, machozi yanashuka na miwani ya jua iko usoni. Nilikaa kwenye ngazi, mikono nimeikalia chini ya mapaja isije ikanisaliti, kwa kuwa ni damu ya mume wangu. Alizunguka hadi petroli ikaisha. Ndipo akaanguka, si kwenye maganda, kwenye jiwe la kufulia. Mguu ukavunjika mara mbili.

Ulipona, lakini umepona vibaya. Kisigino hakigusi chini mpaka leo. Anatembea akichuchumia upande mmoja, na akiulizwa na wasiokuwepo anasema walikuwa majambazi. Wanamwamini yeye. Mimi niliyesema ukweli ndiye niliyeitwa mchawi, maana jirani alieneza kwamba nilikaa kwenye ngazi nikimtazama tu. Kwenye vikao vya ukoo hakuna anayekaa karibu nami, na chai yangu nakunywa peke yangu. Na wao hawajui kwamba kila ukungu ukinikuta pale juu ya Langali, huwa naisikia ile ya Venansi. Nazima yangu, naweka nyayo mbili chini, namwacha apite. Simsalimii.

Ile nyekundu ilitengenezwa. Yule mfanyabiashara wa Mafiga aliinunua tena kwa Pius, akaipaka rangi ya bluu, akabadilisha taa, akaiuza, na sijui imeuzwa mara ngapi tangu hapo. Kwa hiyo wewe mtu mzima unayeingia mjini kununua ya kwanza, kifua mbele, na mjuaji wako pembeni anakuambia ndogo ni ya masista, ikalie kwanza. Nyayo zisipolala chini, shuka, hata kama muuzaji anakucheka. Na ukikataa kunisikia, ukanunua, halafu siku moja ukajikuta unazunguka uani kwa watu, usije kwangu.