Mtaa Mzuri Usio na Pa Kuweka Msiba

Nilikwenda Arusha kwa sababu mume wa shangazi yangu, Mzee Idi, alifariki alfajiri, na pale nyumbani mimi ndiye niliyeweza kuondoka siku ileile. Nisiwafiche, ndugu zangu wa Kondoa: ndani ya huzuni ile kulikuwa na furaha kidogo imejificha. Mtaa wao wa nyuma ya soko ulikuwa umejengwa upya kwa ajili ya watu wanaotembea, si magari. Mimi niliyeishia darasa la saba huota miji. Nachora barabara mchangani nikisubiri matofali yakauke. Nilitaka kuiona ndoto ya namna hiyo ikiwa imesimama kweli.

Babati basi lilisimama, nikanunua hindi la kuchoma. Tulipopita Makuyuni Mlima Meru ukajitokeza, kichwa ndani ya wingu, na kwa muda nikausahau msiba, nikawa natabasamu peke yangu dirishani.

Arusha niliingia jioni, kuna baridi na manyunyu. Mzee Idi walikuwa wameshamzika baada ya swala ya alasiri.

Mtaa wenyewe, jamani, ni mzuri. Chini vitofali vyekundu, miti michanga pembeni, taa, na viti vya mbao vilivyogawanywa kwa vyuma ili mtu asijilaze. Kila kona ina mteremko wa viti vya magurudumu. Watoto walikuwa wanakimbizana bila kuogopa bodaboda. Nyumba mbili za majirani zilishageuka migahawa, na mbele yake wageni walikuwa wanapigana picha.

Mlangoni kwa shangazi niliwakuta wanaume wamesimama, turubai limekunjwa miguuni mwao. Mmoja nilimjua, Mzee Athumani, fundi cherehani, rafiki mkubwa wa marehemu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe yule mchora barabara wa Kondoa? Haya, tutafutie pa kusimamishia nguzo, maana sisi wajinga tumeshindwa."

Msiba wetu mnaujua. Wanawake ndani na mfiwa, wanaume nje chini ya turubai, kahawa, kisomo na maneno, watu wanalala hapohapo mpaka siku ya tatu. Enzi za vumbi nguzo ilizama popote. Sasa mlinzi wa mtaa, kijana mwenye koti la kung'aa, alikuwa anatuomba radhi.

"Poleni sana, wazee wangu. Ila kutoboa hapa hairuhusiwi. Kuwasha moto wa kupikia hairuhusiwi. Na kuziba njia ndiyo kabisa."

"Tukifunga kamba kwenye taa na miti?" nikauliza, bado nina matumaini.

"Kaka, taa ina umeme. Na huo mti ukikatika, kesho mimi sina kazi."

Akawapigia wakubwa wake mbele yetu. Jibu likawa tuombe kibali, ofisi itafunguliwa Jumatatu. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Kwani wakati wanajenga hamkuulizwa?" nikamuuliza Mzee Athumani.

"Tuliulizwa bwana! Tukaitwa kikaoni, tukapewa soda na kalamu za rangi kama watoto wa chekechea. Idi mwenyewe alisema anataka kivuli na pa kukaa. Si hivyo hapo? Akina mama wakataka taa. Si hizo? Sasa nani angesimama aseme, 'Na tukifa je?' Ungekuwa uchuro huo. Tungemfukuza."

Nilitaka kuwachukia waliouchora mtaa ule. Nikakosa pa kuanzia.

Baada ya magharibi wanaume walihamishia turubai Sombetini, kwa mdogo wa marehemu, kwenye uwanja wa vumbi. Shangazi hakuweza kwenda. Ameingia eda, hatoki nyumbani kwa mumewe. Nilimkuta godoroni na wanawake wachache.

"Mbona nje kimya, mwanangu?"

"Wanajipanga, shangazi."

"Hakuna msiba wa mtaa huu ambao Idi hakubeba majamvi. Leo ni wake, watu hawapo?"

Nikatoka kuwafuata wanaume Sombetini.

Sombetini, siku ya pili, turubai lilijaa, ila waliojaa ni majirani wa huko ambao hawakumjua marehemu. Alasiri nikashindwa kuvumilia. Nikamchukua Mzee Athumani na birika la kahawa, tukarudi mjini, tukakaa kwenye kiti kilicho chini ya dirisha la shangazi, chuma katikati yetu. Tukaanza kuongea kwa sauti. Mzee akakohoa kama mtu mnene, akajijibu kama mtu mwembamba. "Idi bwana! Kofia yake nimeishona mara tatu, na bado anadai inambana!" Mimi nikacheka kwa sauti nzito, nikacheka tena kwa nyembamba. Mlinzi alituona. Akavua kofia, akasimama mbali. Watu wawili kwenye kiti hawajaziba njia.

Nilipoingia ndani, shangazi alinishika mkono.

"Nimewasikia," akasema. "Mlikuwa wawili."

Siku ya nne nilirudi nyumbani. Tangu Minjingu mpaka Kolo sikutazama nje. Mnaniuliza mtaa ukoje: mzuri, sina la kuukosoa ukiwa mzima na huna mgonjwa. Nilichojifunza ni kwamba walituuliza tunavyoishi, nasi kwa adabu zetu tukawaficha nusu yake, na sasa nusu hiyo imekosa pa kukaa.

Shangazi aliolewa Arusha akiwa msichana, na kila alipokuja huku alitucheka kwa vumbi letu. Wakati wa kuagana alinipa ujumbe niwaletee ninyi. Anaomba, siku yake ikifika, msimwache kule. Mje mmchukue.