Sentensi Yangu Kuhusu Kituo cha Nne

Mteja aliyenirudisha kwenye maji aliingia saluni Jumamosi moja ya mvua, kichwa kimefungwa kitambaa na viatu vimejaa tope jeusi. Mimi nasuka nywele katika saluni ya Wakongo pale Albert Park, chini ya jengo la ghorofa ninamoishi na binti yangu. Nilimtandikia gazeti aweke miguu, na nilipoinama harufu ya lile tope ikanipanda puani. Kabla sijajizuia nikamwambia kwamba maji ya huko alikotoka yamekosa hewa.

Akageuka kunitazama. "Umejuaje?"

"Tope ikinuka yai bovu, maji ya juu yake haina oksijeni. Ama iko karibu kuisha."

Alikuwa Mkenya, msimamizi wa mazingira katika hifadhi ndogo kusini mwa mji, ng'ambo ya viwanda vya Jacobs. Ni mahali pa kijito, matete, na mikoko michache pale kijito kinapokutana na maji ya bahari. Kumsuka kulichukua karibu siku nzima, na tulipomaliza alikuwa amenitoa habari zangu zote: kwamba kwetu Uvira nilifanya kazi miaka minane katika maabara iliyochunguza maji ya ziwa, kwamba vita vilitutawanya, kwamba hapa Durban vyeti vyangu vilitazamwa na watu wawili au watatu, vikarudishwa ndani ya bahasha, na nikashika kitana.

Naye akanieleza yake. Hifadhi haikuwa na utaratibu wowote wa kupima maji. Mgeni akilalamika harufu, mtu anachovya chupa na kuipeleka maabara. Kamati ya hifadhi ilikuwa imemtaka aandike mwongozo wa upimaji, na yeye alisomea ndege na mimea, si maji.

"Dada, nisaidie," alisema. "Tutauandika pamoja."

Sikuwa nimeitwa kusaidia jambo kama hilo kwa miaka mingi. Nilikubali hata kabla hajasimama kwenye kiti.

Jumatatu saluni huwa haina watu, kwa hiyo Jumatatu zikawa za hifadhi. Alinipitia asubuhi na gari la kazi, tukavaa mabuti marefu, tukaanza kutembea kijito kizima kutoka uzio wa juu hadi kwenye mikoko. Tulichagua vituo sita vya kuchukulia maji. Kila kituo nilikiandikia maelezo kana kwamba nayaandikia mtu asiyewahi kushika chupa: asimame wapi, atazame upande maji yanakotoka ili tope la miguu yake lisiingie kwenye sampuli, asuuze chupa mara tatu, aandike saa na kama maji ya bahari yanajaa au yanakupwa. Niliandika pia kwamba kila safari ibebwe chupa moja ya maji safi yaliyochemshwa, ifunguliwe na kufungwa huko huko kijitoni kama zile nyingine. Ikirudi maabara na uchafu, basi uchafu ni wa mikono yetu, si wa kijito.

Yeye alifurahia vitu hivi vidogo kuliko nilivyotarajia. Alikuwa akiniuliza kwa nini, na kwa nini tena, mpaka ninyamaze nifikiri. Mchana tulikula kwangu, sombe ya majani ya muhogo na ugali, na binti yangu akaanza kumwita tante, yaani shangazi. Mwaka wa kwanza ulipopita, nilikuwa nikimwambia mambo ambayo sikuyasema hata kanisani. Nilimwambia jinsi marehemu mume wangu alivyokuwa akinicheka kwa kunusa maji kabla ya kunywa.

Kituo cha nne ndicho kilichokuwa na maneno. Pale palikuwa na kalvati la zege, bomba kubwa linaloleta maji ya mvua kutoka upande wa viwanda. Siku za jua lilitoa maji kidogo tu, na hayakuonekana kuwa na shida. Lakini mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya ukame, kalvati lilitapika kila kitu kilichokuwa kimekaa barabarani na kwenye mifereji huko juu. Maji yalibadilika rangi, oksijeni ikashuka, na maabara ikakuta bakteria wa kinyesi, maana njiani humo mabomba ya maji machafu nayo yalikuwa yamepasuka. Ndiyo maana niliandika kwa herufi nzito: vipimo vichukuliwe pia mara tu baada ya mvua ya kwanza.

Kufika pale kulitaka kushika mizizi na kushuka polepole. Siku moja niliteleza nikazama hadi kiunoni, naye akanivuta kwa mkoba wangu huku tukicheka wote wawili. Jioni ile niliongeza sentensi kwenye maelezo: kituo hiki ni kigumu kufikia maji yanapojaa, mpimaji asiende peke yake, na achague saa za maji kupwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya mimi kukishikilia kituo hicho. Kanisa letu lilibatiza waamini wapya chini kidogo ya uzio wa hifadhi, pale kijito kinapopanuka. Nilipoona majibu ya kwanza nilimwendea pasta nikamwomba asimamishe ubatizo wa pale mpaka tuwe na vipimo vya mwaka mzima. Hakupenda. Watu wamezama kwenye mito mibaya zaidi ya hiyo wakatoka wazima, alisema. Lakini alinisikiliza, akangoja, na watu walikuwa wakiniuliza kila Jumapili mlangoni: mama, maji bado?

Mwongozo ulipokamilika ulipelekwa kwenye kamati. Niliuliza kama nami niende.

"Ah, ni mambo ya wakubwa tu, dada," rafiki yangu aliniambia. "Watakuchosha bure. Nitakueleza."

Baadaye aliniambia umepita, akanikumbatia. Nilimwuliza kama walibadilisha kitu. Akasema, "Vidogo vidogo." Sikuuliza tena. Nilimwamini kama ninavyouamini mkono wangu.

Wiki kadhaa baadaye pasta alikuja saluni mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wake uling'aa.

"Mama, Mungu ametenda," alisema. "Ile maji iko muzuri. Wamebandika pale getini, nimeomba nakala. Na jina yako iko hapa chini."

Niliacha kichwa cha mteja nikaichukua ile karatasi. Ilikuwa muhtasari wa mwongozo pamoja na matokeo ya kwanza. Vituo vilikuwa vitano. Cha tano changu sasa kiliitwa cha nne, nacho kilikuwa katikati ya matete, mbali na kalvati, mahali ambapo maji yamekwisha kuchujwa na majani. Maneno ya mvua hayakuwapo. Badala yake iliandikwa kwamba sampuli zichukuliwe siku za hali ya hewa tulivu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba kituo kimoja kiliondolewa kwa usalama wa wapimaji, na hapo ikawekwa sentensi yangu kwa Kiingereza, nusu yake tu: kituo hiki ni kigumu kufikia. Kisha majina ya waandishi. Lake, na langu.

Pasta alikuwa bado anatabasamu. "Jumapili ijayo ama ile ingine?" aliuliza.

"Pasta, unipe mpaka Jumatano," nilimwambia.

Jumatatu sikungoja gari lake. Nilipanda taxi mbili nikafika ofisini kwake bila kumwarifu. Aliponiona nimeshika ile karatasi mkononi, alijua. Alifunga mlango.

"Sikuandika uongo," alianza. "Kila neno mle ni lako, dada."

"Nusu ya maneno yangu."

"Sikiliza. Walisema kalvati likibaki, kila ripoti itakuwa ugomvi na majirani wa viwandani. Hao hao wanaotusaidia uzio, wanaotusaidia magari. Mwenyekiti alisema wazi, kama mwongozo hautapita, nafasi yangu haina maana tena. Kibali changu kinaisha mwaka huu. Kazi ikifungwa, ninarudi nyumbani na nini?"

"Sikuja kukuuliza kuhusu kalvati."

Akavuta kiti, akakaa.

"Ungeniambia," nilisema. "Ulikula kwangu Jumatatu baada ya ule mkutano. Ulikaa mezani ukaniambia vidogo vidogo."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Lakini ningekuwa najua."

Alilia kidogo, na mimi sikulia. Niliyatazama mabuti yangu, yamepangwa kando ya yake nyuma ya mlango. Nilimweleza habari ya pasta, kwamba watu wangu walikuwa wakijiandaa kuingia majini kwa sababu ya jina langu. Akashtuka kweli, nadhani hilo hakuwa amelifikiria. Akauliza kama nataka jina liondolewe. Nilisema ndiyo. Aligeuza kiti kwenye kompyuta, akafungua hati, akalifuta mbele yangu. Haikuchukua muda hata wa kukohoa. Nilikuwa nimeomba mwenyewe, na bado nilipoona nafasi ikifungwa na jina lake likabaki peke yake, nilihisi nimeibiwa mara ya pili. Miaka miwili ya Jumatatu zangu sasa ilikuwa kazi ya mtu mmoja.

Nilimwachia mabuti.

Jumatano nilimweleza pasta yote, na Jumapili kwa ruhusa yake nikasimama mbele ya kanisa. Nilieleza kwa urahisi nilivyoweza: kwamba maji yalipimwa siku za jua na mbali na kalvati, kwamba mvua ikinyesha hayafai mtu kuzamishwa kichwa, na kwamba karatasi ya getini haikuwa tena yangu. Mama mmoja wa Bujumbura, ambaye mwanawe alikuwa akingoja ubatizo, aliinua mkono.

"Kwa hiyo karatasi iliyokuwa na jina lako ilikuwa ya uongo, au wewe wa leo ndiye wa uongo?"

"Karatasi haikusema uongo, mama. Ilinyamaza mahali ilipopaswa kusema."

Hakuridhika, nikaona wengine nao hawakuridhika. Nisingewalaumu. Walikuwa wamengoja zaidi ya mwaka kwa neno langu, na sasa neno langu lilikuwa mawili. Pasta aliamua ubatizo ufanyike Cato Manor, nyuma ya ukumbi tunaokodi, katika bwawa la plastiki la watoto lililochorwa samaki pembeni. Watu wazima ilibidi wakae chini ndipo wazame. Mama yule alimhamisha mwanawe kanisa lingine, na huko walibatiza kijitoni, wiki ya mvua. Kila nikikutana nao sokoni nilitazama ngozi ya yule kijana kabla ya kumsalimu. Hakuwa na kitu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa nilijua lilimthibitishia mama yake kwamba mimi ni mtu wa kutisha watu bure.

Madaftari yangu yalikuwa bado nyumbani, mwongozo wote wa vituo sita kwa mkono wangu. Niliupiga nakala nikaupeleka ofisi ya mji inayoshughulikia maji. Karani aliniuliza natoka taasisi gani. Nilitafuta jibu, kisha nikasema natoka saluni. Hakucheka. Alipiga mhuri wa kupokea na kunipa kipande cha karatasi chenye namba. Nimerudi mara tatu. Mara zote naambiwa faili iko kwa mhandisi.

Rafiki yangu alinitumia ujumbe wa sauti mwaka uliofuata. Kibali chake kilikuwa kimeongezwa. Hifadhi nyingine mbili, alisema, zimeuomba mwongozo wetu ziutumie, na watu wanausifu kwa jinsi ulivyo wazi, hasa ile habari ya chupa ya maji safi. "Kazi yetu inasafiri, dada," alisema. Alisema wetu, na yetu. Binti yangu alikuwa akisikiliza kando yangu akipepeta mchele.

"Utamjibu tante?" aliuliza.

Nilimwambia sijui. Niliusikiliza tena peke yangu, nikaona kwamba hakuomba msamaha popote, wala hakutaja hifadhi hizo mbili zimepewa mwongozo wa vituo vingapi. Nilianza kuandika swali hilo. Nikalifuta, kwa sababu nilijua akijibu nitalazimika kuamua kama namwamini. Simu niliiweka juu ya kabati, nikaenda kumsaidia binti yangu mchele.