Mabawa ya Kuku kwa Wakwe wa Biira

Sijui uso wangu nitauweka wapi. Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Biira wangu, Waislamu kutoka Kasese, walitutembelea hapa Bwera. Nikaapa hawatasema sisi Wakristo hatujui heshima. Nilinunua sufuria mpya na mafuta mapya, yasiyowahi kuona nguruwe. Mabawa ya kuku wangu nikayapaka tangawizi, pilipili na unga wa muhogo, nikayakaanga mara mbili mpaka yakawa yanalia kru-kru mdomoni. Hajati, mama wa kijana, akachukua la tatu.

“Mama Biira, hii kuku ni tamu! Nani alichinja?”

Mjinga mimi, nikavimba kichwa.

“Ni mimi mwenyewe, Hajati, na hii mikono yangu!”

Kru-kru ikakatika sebuleni kote. Hajati akabaki na bawa shavuni, hatafuni wala hatemi.